Chungu Chenye Pengo

Jumapili, 12 Januari 1975

Daftari hili nimepewa zawadi ya insha bora, darasa la saba. Mwalimu Fanueli ameniambia niandike humo mambo ya maana tu. Ya maana ni yapi nitaamua mwenyewe.

Leo mvua imetunyeshea kwenda misa na kurudi. Mama amefurahi. Amesema ikiendelea hivi, kabla ya Kwaresima ataita watu waje kutufanyia matuta.

Jumatano, 15 Januari

Mvua. Mama ameloweka ulezi ili uchipue, awe na kimea cha pombe. Ni debe la mwisho. Ndoo moja tu ameificha kwa ajili ya mbegu.

Alhamisi, 16 Januari

Mwalimu Fanueli ni mtu wa Rungwe, na leo ameniuliza yale matuta ya mviringo mashambani kwetu ni makaburi ya nini. Darasa zima limecheka mpaka na yeye akacheka. Nikamweleza. Sisi Wafipa majani ya shamba hatuyachomi, tunayazika. Ardhi ikiwa laini kwa mvua unayakata pamoja na mizizi, unayarundika, unayafukia kwa udongo mpaka linainuka tuta, tunaliita intumba. Juu unapanda maharage. Mwakani majani yameoza, unalitawanya tuta na kupanda ulezi. Mvua ikikatika ukiwa bado, umekwisha, kwa sababu udongo wetu ukikauka jembe linaruka.

Akauliza mtu mmoja anaweza matuta mangapi kwa siku. Nikamwambia mwanamume mwenye nguvu arobaini, mama yangu kumi na mawili. Sikumwambia kwa nini. Mwaka jana tulipohamia kijiji hiki kipya mama alibeba mlango wa nyumba yetu ya zamani kichwani, akateleza mtoni, mlango ukamwangukia kifundo cha mkono. Umeunga, lakini umeunga upande. Baba alikuwa ameshakufa. Ndiyo maana tunapika pombe, watu waje kutulimia.

Jumamosi, 18 Januari

Gari la sinema limekuja. Sauti imenikauka.

Lilifika saa tisa mchana, kipaza sauti juu ya paa, likitangaza tangu mtoni. Wakafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa letu. Jua lilipotua kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini kwenye majani mabichi na hakuna aliyelalamika. Mama tu hakuja, alibaki anasaga kimea. Sinema sikuwahi kuona maishani. Katika shule nzima ni Atuganile peke yake, binti wa Mwalimu Fanueli, aliyewahi kuiona, maana wao walikaa Mbeya mjini. Aliketi karibu nami akijifanya amechoka nayo.

Ya kwanza ilikuwa ya vyoo na nzi. Nzi mwenyewe alikuwa mkubwa kama ng'ombe, watoto wakalia.

Ya pili ndiyo iliyonikausha sauti. Bwana mmoja mnene amekaa kivulini kwenye kigoda, chungu cha pombe miguuni pake. Mbele yake watu wanalima juani, jasho linawatiririka. Yeye anacheka. Jioni anawagawia pombe kata kwa kata, wanalewa, wanaangukiana. Mavuno yakija anayapakia kwenye lori, yote yake. Halafu sauti ikasema: huyu ndiye mnyonyaji, mtazameni vizuri, kwa sababu hata kijijini kwenu yuko.

Mimi nilisimama nikapiga kelele, "Mnyonyaji, mnyonyaji." Wote tulipiga. Alois, ambaye ndiye kiongozi wa vijana shuleni, alirusha gunzi likampiga yule bwana usoni pale kwenye shuka, na hata wazee wakashangilia. Sijapata kukasirika hivi kwa ajili ya watu nisiowajua. Ni hasira tamu. Naandika hapa kwamba nimeipenda.

Jumatatu, 20 Januari

Mwalimu ametaka ngonjera juu ya unyonyaji, isomwe mbele ya mkutano wa kijiji Jumapili. Amenichagua mimi niitunge. Alois atakuwa mkulima, mtu mwingine atakuwa mnyonyaji. Wote wanakataa kuwa mnyonyaji.

Jumatano, 22 Januari

Nimeimaliza. Nilikwama kwenye chungu. Chungu hivihivi tu hakionekani, mtu anasikia neno akalisahau. Nikatazama cha kwetu pale jikoni, kile chenye pengo mdomoni, nikakitia:

Kakaa penye kivuli, chungu chake kina pengo,
Wengine jua ni kali, wamepindisha migongo.

Mwalimu amesoma mara mbili, akasema hapo ndipo msikilizaji atakapoona kwa macho. Nilitembea kurudi nyumbani kama niliyelishwa asali.

Jumapili, 26 Januari

Ngonjera imesomwa. Makofi mpaka mwenyekiti, Mzee Kasimiri, akasimama kutuliza. Alois aliusoma ule mstari wa chungu kwa kunyoosha kidole kwa watu, na watu wakageuka kutazama kidole kinaelekea wapi. Hakikuelekea popote.

Mama alikuwa amekaa na Cornelia, mama yake Alois. Njiani tukirudi tukafika mtoni. Hapo akaniuliza kwa Kifipa, pole pole tu, "Na huyo mwenye chungu, kesho yake alikwenda kulima kwa nani?"

Nikasema sinema haikuonyesha kesho yake.

"Haya," akasema mama, tukavuka.

Jumamosi, 1 Februari

Mvua. Mama amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu: Jumamosi ijayo kwangu. Wamemwitikia wote. Cornelia amesema atakuja na majembe matatu.

Jumanne, 4 Februari

Pombe iko jikoni. Nyumba nzima inanukia. Alois amepita njiani na wenzake, akasimama kidogo kutazama mlangoni. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Jumamosi, 8 Februari

Nitaandika kila kitu kwa mpangilio wake.

Saa kumi na mbili asubuhi mama alikuwa ameshatoa vyungu viwili nje, amepika maharage na dagaa wa Kirando aliowaweka tangu Krismasi. Mwenye pombe halimi siku ya pombe yake. Huo ndio utaratibu, hata mtoto mdogo anaujua. Yeye anaangalia chungu, anachota maji, anawapelekea watu shambani, anahakikisha hakuna aliyekunywa akazidiwa kabla ya safu yake kwisha. Kwa hiyo mama alikaa kwenye kigoda, kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni, chungu chenye pengo miguuni. Nilimwona nikiwa natoka na majembe. Nilisita mlangoni, nikajiambia wewe mpumbavu, huyu ni mama yako.

Saa moja hakuna mtu. Saa mbili hakuna mtu. Nikaenda kutazama barabarani.

Walikuwa wamejipanga kwenye njia panda, vijana tisa, wote wa darasa letu. Alois ameshika daftari. Kila aliyepita na jembe walimuuliza anakwenda wapi, na akisema kwa Mama Luciana wanaandika jina lake, la kupelekwa kwenye kamati kuwa amekwenda kulimia mnyonyaji. Na walikuwa wanaimba. Walikuwa wanaimba ule mstari wangu, wameutafutia sauti ya kuuimbia, na sauti yenyewe ilikuwa nzuri.

Nilimwona Cornelia kwa mbali na majembe yake matatu. Alimwona mwanawe, akasimama, akageuka nyuma. Mtu mzima na majembe yake amerudishwa na mtoto aliyemzaa.

Nilimwendea Alois. Nikamuuliza kama amerogwa.

"Ndugu Luciana, wewe mwenyewe ulitunga," akasema.

"Nilitunga juu ya yule bwana wa sinema."

"Na mama yako yuko wapi sasa hivi? Amekaa kivulini, chungu mbele yake, anangoja watu wamlimie. Kama ninasema uongo niambie."

Sikuweza kumwambia anasema uongo. Hilo ndilo linalonitia wazimu. Kila neno lake lilikuwa kweli na lote kwa pamoja lilikuwa uongo mtupu. Nikamwambia mwaka juzi mama alilima kwao siku mbili, mvua ikimnyeshea, na yeye Alois ndiye aliyekuwa akimletea maji. Akasema hayo ni mambo ya ukoo, hii ni siasa. Nimeona kwa macho yangu, akasema. Nikamwambia ulichoona ni shuka la kitanda limefungwa ukutani. Wakacheka, wakaanza tena kuimba.

Walikuja wazee watatu tu, wale ambao hawaogopi kamati kwa sababu hawaogopi kitu tena. Walifanya matuta ishirini na sita na wakakaa kupumzika. Mama aliwahudumia kama watu thelathini.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda misa. Sitaki kuona sura zao.

Jumanne, 11 Februari

Pombe imechacha. Kesho ni Jumatano ya Majivu, na hata isingekuwa Kwaresima hakuna wa kuinywa. Mama ameimwaga nyuma ya nyumba, yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Debe zima la ulezi. Halafu akaviosha vyungu kama kawaida.

Nimekaa nikapiga hesabu kichwani. Bila matuta hakuna maharage mwezi wa sita, na mwakani hakuna ulezi. Bila ulezi hakuna pombe, na bila pombe hakuna wa kuita. Mkono mtupu haulambwi. Yaani mwaka huu ukitupita tumekwisha mwaka huu na mwakani na mwaka wa tatu, na waliotumaliza wamevaa sare za shule.

Na mimi niliyewapa wimbo.

Jumatano, 12 Februari

Majivu. Matuta kumi na manne, mama kutwa, na mimi baada ya shule.

Ijumaa, 14 Februari

Mvua kubwa. Matuta tisa.

Jumapili, 16 Februari

Mama ameitwa mbele ya kamati. Nilikwenda, nikasimama dirishani.

Mzee Kasimiri ni mtu mwema kwa wenye nguvu. Wakati wa ndoa ya mama yeye ndiye aliyekuwa msimamizi, na anajua mambo ya pombe na matuta kuliko mtu yeyote hapa, maana hata shamba lake lililimwa hivyo mwaka jana. Leo alitazama mikono yake muda wote. Alisema kijiji kimepata mwamko, vijana wameelimishwa, na wazee tusiwakatishe tamaa. Akasema kazi ya pamoja ni Jumatatu na Alhamisi kwenye shamba la kijiji. La mtu binafsi kila mtu na lake. Halafu, bila haya, akamkumbusha mama kwamba kila nyumba ni lazima iwe na ekari zake zilizolimwa, na asiyetimiza ataitwa mvivu.

Mama aliulizwa kama ana la kusema. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Mimi nimelima kwa watu. Niliita watu walime kwangu. Kama hilo ni kosa, mniandike." Akakaa.

Hakuna aliyemwandika. Cornelia alikuwemo kwenye kamati, ametazama ukuta.

Mwalimu Fanueli ndiye aliyeuliza swali moja. Aliuliza kama ni kweli mwenye pombe leo huwa ni mlimaji kesho. Mzee Kasimiri akasema hilo ni jambo refu, mwalimu, tutalizungumza siku nyingine. Mwalimu akanyamaza. Nilimchukia kwa kunyamaza. Yeye ndiye aliyesema hapo ndipo msikilizaji atakapoona kwa macho.

Jumatatu, 17 Februari

Matuta kumi na moja.

Alhamisi, 20 Februari

Matuta kumi. Mkono wa mama umevimba.

Jumamosi, 22 Februari

Atuganile amekuja kunisuka. Sikutaka, akanilazimisha. Katikati ya kunisuka akasema yule bwana mnene wa sinema anamjua. Nikamuuliza anamjua wapi. Akasema huko Mbeya aliwahi kumwona kwenye sinema nyingine, na humo alikuwa mganga wa hospitali, mpole sana, anawapa watoto dawa ya malaria.

Nilishika kichwa changu chenye nywele nusu. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile watu walipokuwa wanapiga kelele.

"Mlikuwa mmefurahi sana," akasema.

Ninamkasirikia hata yeye, na ndiye pekee anayekuja kwetu.

Jumanne, 25 Februari

Nimewaambia darasani habari ya mganga wa hospitali. Alois amesema ndivyo wanyonyaji walivyo, wanajificha popote. Wakampigia makofi. Sasa nimeelewa kitu. Walichoona kimewaingia machoni na hakitoki, na kila wanachokitazama wanakitazama kupitia hicho. Juzi walimwita mnyonyaji hata padri, kwa sababu amekaa wakati wengine wamepiga magoti.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Ile asubuhi nilipotoka na majembe nikamwona mama kivulini, kwa muda wa kupepesa macho nilimwona yule bwana. Mama yangu, mwembamba kama mpini. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 2 Machi

Leo baada ya misa Mwalimu Fanueli ametokea shambani na jembe begani. Amemwamkia mama shikamoo ingawa hawapitani sana umri, akasema amekuja kujifunza. Amefanya matuta manane kwa saa tatu. Marefu. Yamelala kama makaburi kweli. Mama ameyatazama, akaweka mkono mdomoni, halafu akacheka. Tangu pombe ilipomwagwa sijamsikia akicheka. Amemwonyesha namna ya kuzunguka tuta badala ya kwenda mbele, na la tisa likawa la mviringo.

Alipokuwa anaondoka Mwalimu aliniambia ile siku kwenye kamati alipaswa kuuliza mara ya pili. Nikamwambia ndiyo, ulipaswa. Sijawahi kumjibu mwalimu hivyo. Hakukasirika.

Jumanne, 4 Machi

Matuta kumi na matatu.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna mvua siku nne. Upande wa juu, ulio karibu na nyumba, tumefika robo. Upande wa chini, ulio kando ya barabara ya Muze, ni majani matupu, yananifika kifuani. Ni mazuri kuyatazama. Yananitukana.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kidogo. Matuta saba.

Jumatano, 19 Machi

Gari la sinema linakuja tena Jumamosi. Safari hii halileti picha, linakuja kupiga. Wanataka watu wa Ufipa wakifanya matuta kwa pamoja, ili nchi nzima ione. Alois hatembei, anaruka.

Ijumaa, 21 Machi

Mzee Kasimiri amekuja nyumbani. Amekaa, amekubali maji, ameuliza habari za mkono. Nilijua lipo jambo. Akasema mwenye mashine ya picha amepita mashamba yote na hakuna penye majani mabichi ya kutosha ila kwetu, upande wa chini, kando ya barabara. Shamba la kijiji lilishamalizwa. Kwa hiyo kesho kijiji kizima kitakuja kwetu na majembe.

Mama akamuuliza, "Kijiji kizima?"

"Kizima."

"Bila pombe?"

"Pombe haitakiwi hata kidogo," akasema Mzee Kasimiri.

Mama aliniangalia. Mpaka sasa, usiku, anachambua maharage ya kupika.

Jumamosi, 22 Machi

Walikuja. Sijaona watu wengi hivyo kwenye shamba la mtu mmoja, hamsini au zaidi, na wale vijana tisa wa njia panda wakiwa mbele. Mashine ya picha imewekwa juu ya miguu mitatu barabarani. Bwana wa picha alikuwa kijana wa mjini, mpole, ana kofia. Akawapanga watu safu, warefu nyuma. Akamtoa mzee mmoja kwa sababu shati limechanika. Akamweka Alois katikati.

Mama alikuwa ameleta kigoda chake pembeni ya shamba, na mtungi wa maji na sufuria ya maharage. Kwa nini asikae? Mkono umevimba, shamba ni lake, na ndivyo afanyavyo mwenye shamba. Bwana wa picha alitazama kwenye mashine yake, akainua kichwa, akamwambia Mzee Kasimiri kwa upole wote wa dunia, "Yule mama anayekaa atolewe kwenye picha. Ataonekana mnyonyaji."

Mzee Kasimiri alimwendea mama. Sikusikia alichosema. Mama alisimama, akachukua kigoda kwa mkono mzima, akakipeleka nyuma ya kichuguu.

Wakaanza. Wakaambiwa waimbe, wakaimba. Wakaambiwa wacheke, wakacheka. Majani yalikuwa yanaanguka, udongo unageuka, matuta yanainuka moja baada ya jingine, na mimi nilikuwa nikiyaangalia na roho inaniuma kwa uzuri wake. Hivyo ndivyo tulivyotaka tangu Februari. Hivyo hasa.

Haikufika nusu saa. Bwana wa picha akainua mkono, akasema inatosha, asanteni sana ndugu wananchi. Na watu wakaweka majembe begani. Matuta thelathini na mawili, ukanda mmoja kando ya barabara, na nyuma yake majani yamesimama vilevile.

Mwalimu Fanueli akaja kuniambia bwana wa picha anataka na ile ngonjera, kwa sababu amesikia sifa zake. Niisome, wanakijiji wakae chini wasikilize. Nilipotaka kukataa nikaona kwamba kwa ajili ya hilo watu wamekaa, wote, majembe chini.

Nikasimama mbele yao. Nikasoma mistari miwili, ule wa kivuli na ule wa migongo. Alois alikuwa anatikisa kichwa kuifuata. Kisha nikanyamaza. Bwana wa picha akanionyesha kwa mkono, endelea.

Nikasema, "Kesho yake, mwenye chungu alikwenda kulima kwa nani?"

Nadhani walifikiri ni mstari wa ngonjera. Nikauliza tena, nikimtazama Alois. Akatazama mashine. Nikauliza mara ya tatu, na sasa nilikuwa nalia kwa hasira, kamasi na yote, mbele ya nchi nzima itakayoona. Nikamwangalia Cornelia.

Cornelia aliinuka polepole. "Kwangu," akasema.

Halafu mtu wa nyuma, sikumwona ni nani, akasema, "Kwangu."

"Kwangu," akasema yule mzee wa shati lililochanika.

Bwana wa picha akamuuliza Mzee Kasimiri wanasema nini, na je, ni sehemu ya ngonjera. Mzee Kasimiri alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno, "Na kwangu." Bwana wa picha akaanza kufungua miguu ya mashine yake.

Cornelia alikwishakuwa kwenye majani. Walimfuata kumi na mmoja, na Mwalimu, na Atuganile ambaye hajui hata kushika jembe. Wengine waliondoka. Naandika wazi kwamba wengi waliondoka, ili nisije nikajidanganya baadaye. Mzee Kasimiri aliondoka. Alois alipewa nafasi kwenye gari mpaka njia panda, akakaa mbele. Mama yake alimwona akipita, hakuinua mgongo.

Walilima mpaka jioni, wakipanda kuelekea upande wa juu. Mama hakuwa na pombe ya kuwapa, na aibu ile niliiona usoni pake kuliko siku ya kamati. Waliwekewa maharage na maji. Cornelia alipopewa sahani aliipokea kwa mikono miwili.

Jumapili, 23 Machi

Matawi. Mama ameimba misani. Mimi bado.

Jumamosi, 29 Machi

Cornelia na wengine wanne wamerudi. Upande wa juu umekwisha.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuna mvua wiki nzima.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama ananiambia nisikae na hasira, hasira haipandiki. Namwambia ndiyo mama. Leo darasani Alois alikuwa anawahesabia wenzake mara ngapi ataonekana kwenye picha. Akaniambia, na alisema kama mtu anayetaka kupatana, kwamba kwenye sinema shamba letu litaonekana limekwisha lote, kwa sababu mashine ilitazama ule ukanda tu. Alidhani nitafurahi. Huko Kigoma au Lindi mtu ataliona shamba la mama limekwisha, atapiga makofi, atakwenda kulala ameridhika.

Jumapili, 20 Aprili

Nimejaribu upande wa chini. Udongo umekauka, jembe linaruka. Tuta moja, na malengelenge mawili. Maharage tutapata nusu. Ulezi mwakani nusu. Mama anasema nusu ya ulezi inatosha chungu kimoja.

Jioni amekaa jikoni, akaniomba nimsomee daftari hili, kwa kuwa ameniona nikiandika tangu Januari na hajui ninaandika nini. Nimemsomea, nikimfasiria kwa Kifipa. Nilipofika tarehe ishirini na mbili Januari nikataka kuruka. Nikaona haya kuruka. Nikasoma yote: nilivyokwama, nilivyotazama chungu chetu, nilivyokitia. Nikamwambia ni mimi, mama. Kabla ya Alois, kabla ya wale wote, ni mimi niliyekuweka kwenye kigoda kile.

Alikuwa anapitisha kidole kwenye pengo la chungu, anavyofanya akifikiri.

"Nilikijua chungu changu siku ileile ya ngonjera," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."